Kabla Hujauliza “Huyu Hasa Ni Nani?”

 

Leo sina habari ya mishono wala rangi za msimu. Nina jambo limenikaa kifuani tangu Mfunguo Mosi uliopita, na naona nikiendelea kulinyamazia nitakuwa mnafiki katika kazi yangu mwenyewe.

Mfunguo Mosi ukiingia, dukani kwangu hapakaliki. Siku moja alikuja binti kupimwa gauni la siku ya hina. Alikuja na mama yake na shangazi wa bwana harusi. Binti mzuri, mpole, baba yake Mmanga, mama yake mtu wa shamba. Alikuwa amechagua kitambaa cha zambarau iliyoiva, na kwa kweli kilimpendeza. Nikiwa na futi kamba shingoni, shangazi akanivuta pembeni, na pembeni ya duka langu ni hatua mbili tu. Akaniambia: “Fundi, hicho kitambaa hakitamzidisha weusi? Maana rangi na nywele kachukua za upande wa mama. Sisi tumeshakubali, tutafanyaje. Lakini angalau picha zitoke vizuri.”

Binti alisikia. Mama yake alisikia. Niliporudi kumpima mabega nikakuta yameshuka. Na mimi nilifanya nini? Nikacheka kidogo, nikasema, “Usijali shangazi, tutatia lulu nyingi kifuani, zitamng'arisha.” Kwa sababu mteja ni mteja, na msimu ndio huo huo.

Usiku ule sikulala vizuri. Lile neno “tumeshakubali, tutafanyaje” lilikuwa linanirudia. Kumkubali mtu kama unavyokubali bidhaa yenye kasoro kwa sababu umeshalipa arbuni! Ndipo nikakumbuka habari za Afrika Kusini tulizosomeshwa skuli. Wakati ule tulizikariri kwa ajili ya mtihani, mwaka huu sheria hii, mwaka ule sheria ile, basi. Safari hii nikazitafuta na kuzisoma upya. Nikazisoma kama fundi wa nguo za harusi, na kama mtu ambaye mwenyewe nimechanganya: bibi yangu mzaa mama Mngazija, babu Mshihiri, na upande wa baba ni watu wa Makunduchi.

Walianza na ndoa

Mwaka 1948 Makaburu walishinda uchaguzi wa Afrika Kusini, uchaguzi ambao Waafrika wengi hawakuwa na haki ya kupiga kura. Mwaka uliofuata tu, 1949, wakatunga sheria ya kuharamisha ndoa kati ya Mzungu na asiyekuwa Mzungu. Angalieni walikoanzia, dada zangu. Walianza na harusi. Walijua kwamba watu wakioana, wakazaa, wakawa na bibi mmoja na babu mmoja, ule ukuta wanaotaka kuujenga hautasimama.

Mwaka 1950 wakaongeza sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi. Mwanzo makundi yalikuwa matatu: Mzungu, Mwafrika, na wale waliobaki katikati wakaitwa Coloured, yaani machotara kwa lugha yetu. Mwaka 1959 hilo la katikati nalo wakalikata vipande: Coloured wa Cape, Wamalei wa Cape, Wagriqua, Wahindi, Wachina, Waasia wengine, na kipande cha mwisho cha Coloured wengine wote waliokosa pa kutiwa.

Wengi tunadhani chotara wa Afrika Kusini ni mtoto wa Mzungu na Mwafrika, basi. Sivyo. Wengi wao ni watu waliochanganyika kwa zaidi ya miaka 300: Wakhoikhoi wenyeji wa pale, Waafrika, Wazungu, na watumwa ambao Waholanzi waliwaleta kutoka Indonesia, India, Madagaska na Msumbiji. Ndani yao wapo Waislamu wa Cape Town ambao msikiti wao wa kwanza, Auwal, ulianzishwa mwaka 1794. Imamu wao, maarufu kwa jina la Tuan Guru, alikuwa mtu wa Tidore aliyeletwa kama mfungwa, na alipokuwa kifungoni katika kisiwa cha Robben aliiandika Qur'ani kwa mkono kutoka kichwani. Hao ni watu wenye historia, wenye elimu na wenye dini. Halafu anakuja karani na fomu, anawaambia nyinyi ni watu wa katikati.

Na karani alijuaje nani ni nani? Hapo ndipo nilipoishiwa na maneno. Aliangalia sura. Aliuliza majirani wanamchukuliaje. Wengine walitazamwa kucha na kope. Wengine walitiwa kalamu ya risasi kwenye nywele: ikianguka, ana matumaini ya kuwa Mzungu, ikikwama, si Mzungu. Maisha ya mtu mzima, mtaa atakaoishi, skuli ya watoto wake, kazi atakayopata, mume atakayeolewa naye, vyote vilining'inia kwenye kalamu!

Kilichokatwa ni udugu

Nimesoma mengi, lakini lililonigusa kuliko yote ni namna sheria hiyo ilivyokata udugu. Watoto wa mama mmoja waliweza kuandikwa makundi mawili. Wapo waliokuwa weupe kidogo wakaomba waandikwe Wazungu, na serikali ilikuwa kila mwaka inataja bungeni ni wangapi wamehamishwa kutoka rangi hii kwenda rangi ile. Aliyefanikiwa ilimbidi ahame mtaa, na akikutana njiani na dada yake aliye mweusi zaidi, ageuze uso kana kwamba hamjui.

Kuna kisa cha mwanamke anayeitwa Sandra Laing, kinachojulikana sana, hata filamu imetengenezwa. Alizaliwa mwaka 1955, baba Mzungu, mama Mzungu, lakini yeye akatoka na ngozi ya maji ya kunde na nywele za kipilipili. Mwaka 1966, ana miaka 10, polisi walimtoa skuli ya bweni na kumrudisha nyumbani. Kisha akaandikwa Coloured. Maana yake ni kwamba kwa mujibu wa sheria, mtoto hakuwa tena wa kabila moja na mama aliyemzaa. Baba yake akapigana mpaka sheria ilipobadilika na bintiye akarudishiwa Uzungu. Lakini karatasi haikuwabadilisha watu. Wazungu hawakumtaka. Akiwa bado kigoli akakimbia na mwanamme Mwafrika aliyempenda, na yule yule baba aliyempigania akamkata moja kwa moja, hakutaka tena kumwona. Baadaye Sandra mwenyewe ikambidi aombe arudishwe kuwa Coloured, ili aweze kuishi kihalali na watoto wake. Baba yake alikufa bila ya kusuluhiana naye. Mama yake alimpata tena baada ya miaka mingi, bibi kizee.

Nawaomba mtulie hapo kidogo. Yule baba alimpigania mwanawe asiitwe chotara, lakini hakuweza kumpenda mwanawe alipochagua watu ambao yeye aliwaona wa chini. Alichokipigania ni ile daraja. Mtoto alikuwa ndani yake tu.

Na mnamjua Trevor Noah, mchekeshaji. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1984, mama Mxhosa, baba Mzungu wa Uswisi, wakati mapenzi ya baina yao bado ni kosa la jinai. Ameeleza mwenyewe kwamba wakitoka matembezi, mama yake alimwomba jirani mwanamke Coloured aongozane nao, ili watu wadhani yule ndiye mama wa mtoto. Mama mzazi anatembea nyuma kama yaya! Sisi tulio na watoto tunajua maumivu ya mtoto kumkimbilia mtu mwingine mbele za watu.

Wazanzibari wa Durban

Sasa niwasogeze nyumbani kidogo, maana kuna jambo ambalo mimi sikulijua mpaka juzi. Kati ya mwaka 1873 na 1880, Waingereza walichukua watumwa walioachiliwa huru, kiasi cha watu 500, wakawapeleka Durban kutoka hapa Zanzibar kufanya kazi. Wengi wao asili yao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Wakakaa Durban, kwenye eneo la Bluff, wakashika Uislamu wao, na watu wakawaita Wazanzibari. Mpaka leo wajukuu wao wanaitwa hivyo.

Serikali ya Makaburu ilipokuja na makundi yake haikujua iwatie wapi. Sura zao ni za Kiafrika, lakini ni Waislamu na wana jina la Zanzibar. Mwishowe wakaandikwa “Waasia wengine”! Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishwa kutoka Bluff, ambako kulifanywa kwa Wazungu, wakapelekwa Chatsworth, eneo la Wahindi. Wamakua, wameitwa Wazanzibari, wameandikwa Waasia. Kama kuna ushahidi kwamba zile rangi zilikuwa karatasi tupu, ni huo.

Lakini msicheke haraka. Kuandikwa Mwasia kuliwaepusha na mateso ya vitambulisho waliyoyapata Waafrika. Na hapo ndipo mtego wenyewe ulipo. Coloured wa Cape naye alipewa kipaumbele cha kazi mbele ya Mwafrika. Hakupewa haki: mwaka 1956 walimfuta kwenye daftari la pamoja la wapiga kura, na mwaka 1966 mtaa wa District Six pale Cape Town, mtaa wa mafundi cherehani, wanamuziki na wachuuzi, ulitangazwa kuwa wa Wazungu. Watu kiasi cha 60,000 wakahamishwa, nyumba zikavunjwa, zikabaki nyumba za ibada zimesimama peke yake. Basi alipewa nini? Alipewa mtu wa kumtazama kwa chini. Dhulma ile iliendeshwa na bunduki, lakini iliendeshwa pia na kila aliyekaa ngazi ya pili akashukuru kwamba hayuko ya tatu.

Wako waliokataa. Imamu Abdullah Haron wa Cape Town alikuwa katika hilo kundi la Wamalei. Angeweza kukaa na waumini wake akasalisha na kuozesha, akaishi. Yeye alikwenda mpaka Langa na vitongoji vyengine vya Waafrika, akakaa nao, akasaidia familia zao, na akaisema wazi sheria ya kugawa mitaa kuwa ni ya kidhalimu. Mwaka 1969 alikamatwa, na tarehe 27 Septemba akafia mikononi mwa polisi baada ya zaidi ya siku 120. Wakasema ameanguka kwenye ngazi. Mwaka 2023 mahakama ikatamka kwamba aliteswa. Allah amrehemu. Alipewa ngazi ya pili akakataa kukaa.

Sisi hatuna ofisi, tuna midomo

Sheria ya ndoa Makaburu waliifuta mwaka 1985. Ile ya kuandikisha watu kwa rangi ilifutwa mwaka 1991. Sisi hapa hakuna anayetia kalamu kwenye nywele za mtu. Lakini hebu tujiulize kwa haki, wanawake kwa wanawake: posa ikija, swali la kwanza ni lipi? “Huyu hasa ni nani?” Na likijibiwa, “Wa upande gani zaidi?” Kisha, “Nywele zake vipi?” Kalamu hatuna, tuna macho.

Na mimi sijitoi. Kaka yangu alipoleta habari ya mchumba wake, mimi ndiye niliyeuliza habari ya nywele. Nilisema kwa utani, jikoni, nikidhani ni baina yetu. Yalimfika. Leo ni wifi yangu wa mwaka wa nane, na nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho kwa upasuaji yeye ndiye aliyenikanda na kunipikia uji wa pilipili manga siku arubaini zote. Siku moja ananifua nguo za mtoto akaniambia taratibu: “Wifi, lile neno lako la jikoni nilikuja nalo harusini, nikakaa nalo kwenye zulia.” Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi harusi anakaa kwenye zulia, watu wanampigia vigelegele, na kichwani ana neno langu.

Wazee watasema, “Kuuliza ukoo ni dini.” Ni kweli, na sikatai. Mzazi aulize dini, tabia, malezi, madeni, afya, na nasaba ijulikane ili udugu ujulikane. Lakini Suratul Hujurat, aya ya 13, imetueleza kwamba tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora mbele ya Allah ni mchamungu. Kuna kuuliza ili umjue mtu, na kuna kuuliza ili umpangie bei. Moyo wako unajua umeuliza lipi. Na Suratur Rum, aya ya 22, inazihesabu rangi zetu na lugha zetu kuwa ni katika ishara za Allah. Sasa wewe ishara ya Mola wako unamwambia fundi aifunike kwa lulu?

Mfano bora kuliko yote ni Usama bin Zayd, Allah awe radhi naye. Mama yake ni Ummu Ayman, Mhabeshi aliyemlea Mtume ﷺ. Baba yake Zayd alikuwa mweupe, na Usama akatoka mweusi. Watu wakasema maneno juu ya nasaba yake, kama watu wanavyosema. Siku mjuzi wa kutambua nasaba alipoiona miguu ya baba na mwana, wamelala wamejifunika vichwa, akasema miguu hii imetokana. Mtume ﷺ akaingia kwa Bibi Aisha uso wake unang'ara kwa furaha. Yaani maneno ya watu juu ya rangi ya kijana yule yalikuwa yanamgusa. Na kijana yule yule akaja kumpa uongozi wa jeshi lenye masahaba wakubwa ndani yake. Hakusema “tumeshamkubali, tutafanyaje.”

Tufanye nini basi

Wewe unayeposa au unayepokea posa: neno la rangi lisitoke mdomoni mwako, hata jikoni, hata kwa utani. Halikai jikoni.

Wewe bibi harusi: usijichubue kwa ajili ya siku moja. Mwambie mpambaji wako mapema kwamba poda iwe ya rangi ya shingo yako. Na kama baba yako ni wa huku na mama yako ni wa kule, wewe si nusu ya mtu. Wote wawili ni wako kamili. Asikufanye mtu umwonee haya mama yako ili upate nafasi ukweni, kwa sababu ukweni kwa namna hiyo hutapata raha siku zote, utakaa unaogopa mtoto atazaliwa na rangi gani.

Na sisi mafundi, wapambaji, masomo, tunaokaa na bibi harusi kabla ya watu wote: tusicheke. Kicheko changu siku ile kilikuwa ni saini.

Yule binti alirudi peke yake kujaribu gauni. Akasimama mbele ya kioo akaniuliza, “Fundi, sema kweli, rangi hii inanitia weusi?” Nikamwambia: “Mwanangu, weusi unao tangu kwenu, alhamdulillah, na umekupendeza. Mimi ndiye nilikosea siku ile, nisamehe.” Zile lulu za kifuani nilikuwa nimeshazishona. Akaniomba nizitoe. Nilikaa kuzifumua mpaka adhana ya Isha, moja moja, na siku ya hina mama yake alikaa pembeni yake, mbele, si nyuma.

Allah atusafishe ndimi zetu, awape mabibi harusi wetu nyumba zenye mapenzi na heshima, na atujaalie tuwe watu wa kuunga udugu, si wa kuukata. Aamin.

Wassalaamu alaykum.